Maji hayaulizi kadi ya chama

Ndugu msomaji, kila mtoto aliyepita shule ya msingi nchini anajua kwamba Mlima Kilimanjaro una mita 5,895. Tumekariri darasani na tumejigamba kwa wageni. Mwaka 1999 wataalamu walipanda huko na vyombo vya kupimia kwa setilaiti, wakashuka na jibu la mita 5,892. Mlima ukapungua mita tatu, na mita tatu hizo zimekwisha kuandikwa vitabuni.

Sasa nikuulize swali jepesi. Nyumba utakayolala usiku wa leo iko mita ngapi juu ya mto au korongo lililo jirani yako? Hujui. Mwenyekiti wako wa mtaa naye hajui. Diwani hajui, na mbunge aliyekuja kukuomba kura hajawahi kujiuliza. Tunakijua kwa mita kimo cha kilele ambako hakuna mtu anayeishi, lakini hatukijui kimo cha mtaa wanamolala watu elfu kumi na watoto wao. Kileleni mita tatu ni mjadala wa wasomi. Bondeni mita tatu ni tofauti kati ya kuanika godoro na kuzika mtoto.

Hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo bila kuoneana haya. Nchi hii haiko tambarare, lakini inatawaliwa kama iko tambarare. Mipango inaandikwa juu ya karatasi iliyonyooka, mvua inanyesha juu ya ardhi yenye mabonde na milima, na anayelipa gharama ya tofauti hiyo ni kabwela.

Nchi ya ngazi

Tuanzie pwani. Dar es Salaam, Tanga, Lindi na Mtwara zimekaa mdomoni mwa bahari. Unguja na Pemba hazina mlima. Sehemu za juu kabisa za visiwa hivyo hazifiki hata mita 150. Ukitoka Dar es Salaam kuelekea bara unaanza kupanda ngazi. Morogoro uko kwenye mita 500 hivi, umeegemea Milima ya Uluguru inayopita mita 2,500. Dodoma uko kwenye mita 1,100 na ushee. Tabora ni kama 1,200, Singida ni kama 1,500. Arusha ni kama 1,400, Iringa inapita 1,500, Mbeya ni kama 1,700, na Njombe unakaribia 2,000, ndiyo maana mwezi wa saba watu wa huko hulala na makoti.

Kisha ngazi inateremka ghafla upande wa magharibi. Ziwa Tanganyika uso wake uko mita 770 hivi juu ya bahari, lakini kina chake kinafika mita 1,470. Fanya hesabu mwenyewe: sakafu ya ziwa lile iko karibu mita 700 chini ya usawa wa Bahari ya Hindi! Nchi moja ina sehemu ya juu kuliko zote barani Afrika, na ina shimo linalozama chini ya bahari. Nani atakayesema nchi ya namna hiyo inaweza kuendeshwa kwa mpango mmoja wa kukata na kubandika kutoka wilaya moja hadi nyingine?

Waliotutangulia walilijua hili, hata wale waliokuja kutunyonya. Wajerumani hawakujenga kituo chao cha utafiti cha Amani pwani penye joto na mbu. Walikipandisha Usambara mwaka 1902. Walowezi hawakugombania mabonde ya Rufiji. Walikimbilia Kilimanjaro, Arusha, Usambara na nyanda za juu za Iringa. Jijini Dar es Salaam wakubwa wa kikoloni walijichagulia Oysterbay, penye mwinuko na upepo wa bahari. Mwafrika alipangiwa Kariakoo, na jirani yake bonde la Jangwani likaachwa wazi kwa sababu kila mtu alijua ni njia ya maji. Mkoloni alikuwa mbaguzi, lakini ramani aliisoma. Sisi tuliurithi ubaguzi wa mwinuko, kusoma ramani tukakuacha.

Msimbazi haudanganyi

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, zaidi ya mita 200 juu ya bahari. Safari yake haifiki hata kilomita 40, kisha unamwaga maji yake Salenda. Maana yake ni nini? Mvua kubwa ikinyesha Pugu alfajiri, maji yako Jangwani kabla hujamaliza kunywa chai. Jiji zima limeezekwa mabati na kusakafiwa lami, hakuna tena udongo wa kuyanyonya. Yanashuka yote, yanashuka kwa pamoja, na yanamkuta aliye chini.

Desemba 2011 yalishuka. Watu zaidi ya 40 walikufa jijini na maelfu wakabaki bila makazi. Serikali ikawapa baadhi yao viwanja Mabwepande. Desemba 2015 yakaja mabuldoza bonde la Mkwajuni, nyumba zikalazwa chini, kina mama wakaonekana wameketi juu ya matofali na masufuria yao. Sheria ni sheria, waliambiwa, hapa ni bondeni. Sawa. Lakini katika mabonde hayo hayo wapo wananchi waliounganishiwa umeme na shirika la umma, na wamo katika daftari la wapiga kura. Kwa hiyo bonde lilipokuwa na kura lilikuwa mtaa halali, na bonde lilipotakiwa kuondolewa likawa eneo hatarishi. Mwinuko wake haukubadilika hata sentimita moja. Kilichobadilika ni kalenda ya uchaguzi.

Na kama unadhani kosa la kujenga bondeni ni la kabwela asiyekwenda shule, nikukumbushe jambo moja. Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulipoanza kazi mwaka 2016, karakana kuu ya mabasi hayo ilikuwa wapi? Jangwani! Katika njia ile ile ya maji ambayo mkoloni hakuthubutu kuijenga. Mvua zikaja, karakana ikafurika, mabasi yakazama mpaka kwenye viti. Zikaja tena, ikafurika tena. Pale hakukuwa na mlalahoi aliyepima kiwanja kwa hatua za miguu. Walikuwapo wahandisi, washauri, wafadhili, na mihuri ya kila rangi. Yule mama wa Mkwajuni alivunjiwa nyumba kwa kosa la kujenga bondeni. Je, waliojenga karakana bondeni walivunjiwa nini?

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Sipingi. Bonde lile linahitaji kazi kubwa. Lakini tusisahau kwamba huo ni mkopo, na utalipwa na wewe na wajukuu wako. Sehemu ya deni hilo ni bei ya kutosoma ramani kwa miaka mingi.

Milima haikutani, maji yake hukutana

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kweli, lakini maji ya milima hukutana, na mahali pake pa kukutania panaitwa Rufiji. Mvua ya Mbeya, ya Njombe, ya Iringa, ya Udzungwa na ya nyanda za Songea inashuka kwa Ruaha Mkuu, kwa Kilombero na kwa Luwegu, kisha yote inaingia mto mmoja. Eneo linalomwaga maji Rufiji ni karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mkulima wa Rufiji anaweza kuzama bila tone la mvua kunyesha kijijini kwake.

Aprili 2024 ndivyo ilivyokuwa. Rufiji na Kibiti zikageuka ziwa, mashamba yakafunikwa, watu wakaokolewa kwa mitumbwi. Palizuka ubishi mkubwa kuhusu bwawa la Julius Nyerere, wapo waliolinyooshea kidole na wapo waliolitetea. Mwezi huo huo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 nchini. Mia moja hamsini na watano, ndugu msomaji. Ingekuwa ndege imeanguka, bendera zingepepea nusu mlingoti.

Na hapa kuna somo la zamani ambalo wakubwa wamelisahau. Mwaka 1968 Rufiji ilifurika, na Serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, ikiwahamisha watu kutoka bondeni kuwapandisha kwenye ardhi ya juu. Lengo la kuokoa maisha lilikuwa jema. Lakini rutuba ilibaki bondeni! Mtu akapewa nyumba juu na njaa juu, shamba lake la mpunga liko chini. Wengi wakawa wanateremka msimu wa kilimo na kulala dungu. Miaka zaidi ya 40 baadaye tukarudia kosa lile lile kwa sura ya mjini: mtu wa Jangwani ambaye riziki yake ni kubeba mizigo Kariakoo ukampeleka Mabwepande, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa daladala. Nauli ya kwenda na kurudi inakula mshahara. Akirudi bondeni tunamwita mkaidi. Mwanadamu hahamii kwenye mwinuko, anahamia kwenye mwinuko wenye riziki.

Usidhani walio juu wako salama kwa sababu wako juu. Desemba 3, 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilinyonya maji ikameguka. Tope, mawe na magogo yakashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani asubuhi, yakaua watu zaidi ya 80. Mji uko chini ya mlima wenye mita zaidi ya 3,400; kila anayeishi pale anauona mlima huo akifungua dirisha. Lakini kuuona mlima ni jambo moja. Kuambiwa ni makorongo gani yanaelekea nyumbani kwako, na usiku gani uondoke, ni kazi ya Serikali.

Kupandisha maji kuna bei

Mwinuko haumalizikii kwenye mafuriko. Uko pia kwenye bomba lako. Dar es Salaam inakunywa maji ya Mto Ruvu, na Ruvu inapata maji yake Uluguru. Kwa hiyo mkulima wa mteremko wa Uluguru anapokata mti wa mwisho, aliyeketi Sinza ndiye anayekosa maji. Oktoba 2022 Ruvu ilipungua, jiji likaingia kwenye mgawo, watu wakapanga ndoo usiku kucha. Tuliambiwa ni ukame. Ni kweli ulikuwa ukame, lakini hakuna aliyesimama kueleza tumemlipa nini yule wa juu ili aendelee kututunzia chanzo.

Chukua Dodoma, makao makuu yaliyoamuliwa mwaka 1973 na ambayo Serikali ilianza kuyahamia kwa kishindo mwaka 2016. Mji uko katikati ya nchi, hewa yake kavu, mvua yake ndogo, na kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora. Sasa watu wameongezeka, na Serikali imetangaza nia ya kuleta maji ya Ziwa Victoria. Tazama vimo. Ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi. Dodoma uko kwenye mita 1,120 hivi. Ukiangalia namba hizo mbili tu utasema maji yatakuja yenyewe yakiimba. Lakini kati ya ziwa na Dodoma kuna mwinuko wa Singida, mita 1,500! Bomba likipita huko, kila lita itabidi ipandishwe zaidi ya mita 350 kabla haijaanza kuteremka. Kupandisha ni pampu, pampu ni umeme, umeme ni bili, na bili ni wewe.

Sisemi isifanyike. Inawezekana, na mfano tunao. Mradi uliozinduliwa mwaka 2009 kwa ajili ya Kahama na Shinyanga ulichota maji Ihelele, ukayasukuma mpaka kwenye tangi kilimani, kisha mteremko ukafanya kazi iliyobaki. Huo ni uhandisi uliosoma mwinuko. Ninachodai ni mwananchi aambiwe mapema: lita moja ya maji yaliyopandishwa Singida itagharimu kiasi gani, nani atalipa, na kama mabwawa ya karibu yasingekuwa nafuu zaidi.

Mwinuko ukitumika vizuri ni mali. Umeme wa Kihansi, megawati 180, unatokana na maji yanayoporomoka zaidi ya mita 800. Kidatu nayo, megawati 204, inaishi kwa mteremko. Taa zinazowaka maofisini ni zawadi ya milima ya Udzungwa na ya watu wanaoishi kandokando yake. Ni vijiji vingapi vilivyo chini ya nyaya hizo bado vinawasha koroboi?

Kwa treni wanaweza, kwa mtaa wanashindwa?

Atatokea mtetezi aseme: hizo ni hesabu ngumu, nchi ni maskini, vipimo ni ghali. Huo ni uongo, na reli zetu zinausuta. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Waliipitisha bonde la Mkondoa kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kupanda bara, na bonde hilo limeikata kila zilipokuja mvua kubwa. Mwaka 2010 mafuriko ya Kilosa yaliifunga kwa miezi. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande cha Mlimba hadi Makambako, kinapopanda kutoka bondeni kwenda nyanda za juu, kilitobolewa mahandaki na kujengewa madaraja mengi kuliko kwingine kote. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, imepitishwa kwenye mahandaki huko Kilosa.

Basi wataalamu tunao, na vipimo tunavyo. Ramani za kipimo cha 1:50,000 zenye mistari ya kimo zilichorwa miaka mingi iliyopita, na leo setilaiti inapima ardhi kila siku. Gari moshi likitaka kupita, kila mita inahesabiwa, kwa sababu gari moshi likianguka mkandarasi ataulizwa. Mtaa ukizama tunaambiwa ni kazi ya Mungu. Mungu kaleta mvua. Hakugawa viwanja Jangwani.

Tunataka nini

Kwanza, kila ofisi ya kata na ya kijiji ibandike ukutani ramani ya miinuko ya eneo lake, kwa Kiswahili, ikionyesha maji yanapita wapi na yalifika wapi mara ya mwisho. Isifungiwe kabatini Dodoma ikisubiri kuombwa kwa barua yenye mhuri.

Pili, kiwanja chochote kinapopimwa, hati ionyeshe kimo chake juu ya mto ulio karibu. Ofisa akigawa kiwanja njia ya maji, jina lake liwe kwenye karatasi hiyo hiyo. Siku nyumba itakapobomolewa, tujue pa kuanzia kubomoa.

Tatu, ardhi ya juu iliyo karibu na riziki itengwe kwa ajili ya watu wa kipato cha chini kabla ya kuuzwa kwa wenye mashangingi. Leo bei ya kiwanja inapanda na mwinuko: mwenye fedha yuko juu penye upepo, asiye nacho anasukumwa mpaka penye mbu na matope, halafu anaulizwa kwa nini anaishi huko.

Nne, sehemu ya bili ya maji na umeme irudi kwa watu wa milimani wanaotunza vyanzo. Uluguru, Udzungwa na Usambara hazitaishi kwa hotuba za Siku ya Mazingira.

Ndugu msomaji, usisubiri mwingine akuulizie. Mkutano wa mtaa au kijiji chako upo kisheria. Nenda, nyanyua mkono, uliza: hapa tulipo ni mita ngapi, maji ya huko juu yakija yatapita wapi, na sisi tutakimbilia wapi? Wakikujibu, andika majibu. Wakikucheka, andika majina. Watu wazima husema aliye juu mngoje chini. Maji hayana haja ya kungoja. Yakishatoka Pugu yanamfuata aliye chini moja kwa moja, hayamwulizi kadi ya chama wala stakabadhi ya kodi. Mvua zijazo haziko mbali, na kimo cha nyumba yako ni kile kile cha mwaka jana.